Nyuzi Mbili za Tumbo la Alistidia

Kishanda, Muleba,
Ziwa Magharibi.
2 Desemba 1974

Mpendwa mwanangu Ildefons,

Pokea salaam za nyumbani. U mzima huko Mtwara? Na mkeo Jovitha je? Mimi sijambo, goti tu ndilo linalonisumbua. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, kisomo cha watu wazima hakikuwa bure, basi usicheke mistari iliyopinda.

Alistidia amepona! Nilipanga kuanza polepole, nimeshindwa. Binti yako amepona!

Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa. Mwishoni mwa mwezi wa kumi tumbo lake lilivimba, miguu ikabaki vijiti. Nikampeleka hospitali ya Rubya, tukalazwa. Daktari alilipapasa, akatoa maji kwa sindano, akasema mishipa inayotoa damu kwenye ini imeziba. Nilimwelewa. Mfereji wa kibanjani ukiziba, maji hutuama migombani.

Siku ya nne tumbo lilikuwa bado linapanda. Daktari akaniuliza, "Mama, mtoto huyu anakunywa nini?" Nikajibu kwa majivuno: omubazi wangu, dawa ya minyoo, yale majani ya nyuma ya zizi, kikombe kila asubuhi. Hata pale wodini nilikuwa nampa, nimeuficha kwenye chupa ya chai. Tumbo lilipozidi, nami nilizidisha.

Kumbe majani yale ndiyo yaliyoziba mishipa. Daktari alisema watoto wengine hawaponi. Sista Immakulata aliimwaga chupa yangu bila kunigombeza, na afadhali angenigombeza. Nililia, mwanangu. Mkono uliomnywesha ni huu huu unaokuandikia. Nisameheni, wewe na Jovitha.

Akapewa vidonge vya kukojoa na chakula kisicho na chumvi, tukangoja. Wiki tatu, tumbo likashuka, tukaruhusiwa kurudi nyumbani! Na juzi kaomba senene mwenyewe! Nimemkaangia bila chumvi, nami nakula hivyo hivyo ili asinung'unike. Senene bila chumvi, Ildefons, ni adhabu ya kutosha.

Majani nimeyang'oa na mizizi yake. Kisomoni nimesimama nikawaeleza akina mama wote, aibu niliiacha nyumbani.

Baba mdogo Karugendo anakusalimu, na shangazi yako Joviana pia. Bikira Maria awafunike.

Kila asubuhi sista alipopima tumbo, nami nilipima kwa uzi wangu. Humu ndani ya bahasha mna nyuzi mbili: mrefu wa siku tuliyolazwa, mfupi wa jana. Ule mrefu uchome moto. Huu mfupi uzungushe mikononi mwako, ndivyo alivyo mwanao sasa ukimkumbatia.

Ni mimi mama yako nikupendaye,
Theopista