Wifi Anachora Chumba cha Mama

Jumatatu, 4 Machi

Wifi amefika asubuhi. Begi moja la nguo, matatu ya rangi na brashi. Harufu ya tapentaini imeingia ndani kabla yake. Tumetaniana mlangoni kama kawaida — kaniambia nimenenepa kwa kula jasho la kaka yake, nikamwambia yeye anazeeka kwa kukosa wa kumlisha. Halafu tukageuka wote wawili, maana pale mlangoni unakiona chumba cha mama mkwe.

Tangu tumzike hajalala mtu humo. Kitanda kimetandikwa. Mezani dirishani bakuli lake la enameli, miwani, chupa ya mafuta ya kujipaka. Kitambaa cha kichwa kiko juu ya kiti, alivyokiacha. Mume wangu ameshapatana na fundi vigae: sakafu ivunjwe, vyombo vitolewe, chumba kiwe changu cha kushonea. Cherehani inakaa jikoni, nguo za wateja zinanuka vitunguu. Nakitaka chumba hicho, sifichi.

Wifi kaomba jambo moja. Akichore kwanza, kabla fundi hajaja, na kitu chochote kisisogezwe. Mume wangu kasema si upige picha kwa simu, umemaliza. Wifi kajibu picha za simu anazo tele, na hakuna hata moja aliyoitazama mara mbili.

Jumatano, 6 Machi

Nimempelekea chai, imepoa. Anatazama kuliko anavyochora. Brashi iko hewani, macho yapo kitandani — halafu anagusa turubai mara moja, anarudi kutazama.

Nikamuuliza, shuka nyeupe ina kazi gani hiyo? Kanivuta mkono, kaniketisha pale pale alipokuwa. Kasema nimwonyeshe ni nyeupe wapi.

Nimetazama. Upande wa dirisha ina unjano. Kwenye mikunjo ni buluu. Chini, karibu na sakafu, ni nyekundu kabisa — saruji nyekundu inaipaka rangi yake. Miaka yote hii nashona mashuka! Nyeupe yenyewe nimeikuta sehemu moja tu, ndogo kama ukucha.

Nimerudi kwenye cherehani nikakuta hata uzi wangu mweusi si mweusi. Kazi imenichelewea.

Alhamisi, 7 Machi

Kaja fundi wa intaneti. Kauliza, wifi yenu iko wapi? Nikamwambia yuko chumbani, anachora. Tumecheka wote mpaka kaangusha bisibisi.

Jumapili, 10 Machi

Jana bakuli lilikuwa limetoka zuri ajabu, ungelichukua ulie chakula. Leo nimemkuta analikwangua kwa kisu. Roho iliniuma.

Kasema lilikuwa zuri mno, si lile lililopo mezani. Lile la mezani limebanduka ukingoni kote, kama limetafunwa. Ndipo nikamsimulia: mwisho mwisho, sauti ilipomwisha, mama alikuwa akituita kwa kuligonga mezani. Mara moja, maji. Mara mbili, nigeuzeni. Mfululizo bila kukoma, maana yake zimeni hiyo redio.

Wifi alikuwa mbali miezi ile. Hakuyajua hayo. Kacheka, kisha machozi yakamtoka, na hakuacha kuchora. Kila palipobanduka kapachora, bila kuruka.

Mume wangu hapiti kizingiti. Anasimama koridoni, anauliza, bado tu?

Jumanne, 12 Machi

Wifi kaniita asubuhi, sauti ya chini. Kiti kimesogezwa. Kilikuwa kinatazama dirisha, sasa kinatazama kitanda. Na kile kitambaa cha kichwa kimekunjwa, kimewekwa juu ya mto.

Nimeapa si mimi. Hakuhitaji nimwapie. Humu ndani ni mtu mmoja tu anayekunja kitambaa namna ile, pembe kwa pembe, kama bendera.

Nilidhani atakirudisha kiti. Kiti kilikuwa kimekwisha kabisa kwenye turubai, na kivuli chake. Kakaa anakitazama. Halafu kachukua kisu, kakikwangua chote, kaanza upya pale kilipo sasa.

"Kazi yote ile, wifi?" nikamwambia.

"Kaka alikaa hapa," kasema. "Nichore kama hakukaa?"

Jioni mume wangu kala, kisha kasifu mboga. Hajawahi kusifu mboga huyu.

Ijumaa, 15 Machi

Picha inakaribia kwisha. Sijui niisemeje. Hakuna mtu ndani yake, lakini ukiingia ghafla unataka kuamkia. Miwani inashika mwanga wa dirisha kwenye kioo kimoja tu. Chupa ya mafuta ina alama ya kidole, naye kaiona. Imebaki sakafu.

Na fundi anakuja kesho.

Nimemwambia mume wangu fundi asubiri wiki moja. Kaniuliza, si wewe uliyekuwa unakitaka? Nikasema nakitaka bado. Kasema fundi huyu akiondoka hatumpati tena. Kweli. Na mimi nimechoka kushonea jikoni, hiyo nayo ni kweli. Tukabaki tunaangaliana kama wageni kituoni.

Jumamosi, 16 Machi

Fundi kafika mapema. Nyundo, patasi, mifuko ya saruji barazani. Wifi hakubishana, kaanza kukusanya brashi zake.

Mume wangu kaingia chumbani kumwonyesha fundi pa kuanzia. Kaingia mbele yetu! Akaiona picha, akasahau alichokuwa anasema. Kaisogelea. Kasema mkono wa miwani ulikatika, mama aliufunga uzi. Wifi kasema upo, inama uone. Kainama. Uzi upo.

Kakaa vile, kainama, muda.

Kisha kaja huku jikoni, kaniuliza nta ya sakafu iko wapi. Ile nyekundu, ya mama. Nimempa kopo na tambara.

Sasa yuko magotini, kona ya chumba, anasugua kwa mizunguko kama mama alivyokuwa anasugua. Sakafu inaamka nyuma yake, nyekundu, mpaka miguu ya kitanda inaonekana kichwa chini. Wifi kafungua tena mabegi. Anamwambia aende polepole, sakafu inabadilika kabla hajaishika kwa brashi. Yeye anasugua tu.

Fundi kachungulia mara mbili. Kaja kwangu, kofia mkononi: "Mama, tunavunja au hatuvunji?"

Nimemmiminia chai. Ameimaliza, bado ananitazama. Namwongezea nyingine, wifi apate muda.