Uso Wako Kwenye Simu za Watu

Nekesa shoga yangu,

Nina hasira, na wa kumwambia ulikuwa wewe. Ungekuwepo ungeweka sindano chini, ungesema, "Salha, tema yote, halafu tunywe chai." Basi natema.

Wamekuonyesha, Nekesa. Siku ya kukuzika kwenu Bungoma, Achieng, mwenzako wa chumba, alituita wafanyakazi wote wa duka la ushonaji twende chumbani kwenu huku ng'ambo, mtaa wa Discovery Gardens, tukatazame mazishi mubashara. Nikaenda. Nilidhani tutaona watu, tutasikia maombi. Mara mwenye simu kule Bungoma akalisogelea jeneza, na uso wako ukajaa televisheni nzima. Poda. Pamba puani. Nikasimama nikapiga kelele: "Mfunikeni! Hamna haya?" Wenzako wakanitazama kama mie ndiye niliyevunja heshima. Nikatoka viatu mkononi.

Kwetu maiti husitiriwa. Hata wanaomwosha, wakiona kitu, hawasemi. Mama yangu alipofariki hapa mtaani Al Twar, mwanamme wa nje hakuona hata ukucha wake. Na wewe, uliyekuwa hukubali kupigwa picha bila wigi, ndio uanikwe vile?

Kesho yake kipande cha video cha uso wako kikafika dukani. Fundi mmoja anakitazama huku anakula biriani! Nikampokonya simu. Arbab, mwenye duka, akasema, "Yalla, khalas, rudini kazini." Yamekwisha, eti. Kama uzi umekatika tu.

Ndipo nikamwandikia mama yako. Hata pole sikumpa. Nikaandika: "Futeni hiyo video. Maiti si sinema."

Akanipigia. Hakufoka. Laiti angefoka.

"Wewe ndiye Salha? Alikuwa anakutaja. Sasa sikia, mwanangu. Mtoto alitoka hapa akitembea, nikarudishiwa sanduku. Nisipomtazama, nitajuaje ni yeye? Na dada zake walioko mbali wangemuaga vipi? Huku kwetu ukizika mtu kwa kufichaficha, watu wanauliza unaficha nini. Halafu wewe unaniambia maiti si sinema. Hilo neno limenichoma."

Nikamweleza stara, nikamwambia kwamba kwetu kumfunika mtu ndiyo heshima ya mwisho unayoweza kumpa. Akauliza, "Kumbe ulikuwa unamtetea?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sitaifuta. Lakini nitaitoa pale inapoonekana na kila mtu, ibaki kwa jamaa."

Nimemwelewa, wallahi. Lakini kuelewa hakujanipoza. Hasira imehama tu. Namkasirikia yule aliyekata kipande cha uso wako akakirusha ovyo, wala hakukujua. Na wewe pia nakukasirikia! Nikikuuliza unaumwa nini, unajibu, "Kichwa tu, Salha, kitapoa." Wiki nzima kichwa tu! Ungeniambia kweli ningekuburura hospitali kwa nguvu, ungenitukana, na leo ungekuwa hapa.

Ile video sitaitazama tena, usinilaumu. Ila atakayeicheka mbele yangu hapa dukani Satwa atanitambua. Na mama yako nitampigia kila Jumapili akitoka kanisani, tumeshaafikiana. Anataka nimsimulie ulivyokuwa ukiishi huku, maana kwenye simu ulimwambia mazuri tupu. Nitamwambia ya kweli, hata yale uliyomficha.

Sijui kwenu mnamuagaje mtu. Nitamuuliza. Kwa leo pokea ya kwetu: Mungu akulaze pema, dada yangu. Buriani.

Salha