Karatasi ya Padri

Kashozi, Jumanne

Kumbe cheti cha ndoa cha padri hakitoshi. Ofisa wa Bukoba alikigeuzageuza akasema, "Ndugu, hiki ni Kilatini. Ndoa hii haijaandikishwa serikalini. Ubalozi hautampa binti huyu viza ya kumfuata mumewe."

Mama akamjibu, "Mwanangu, kijiji kizima kilikula ndizi za ebitoke kwenye harusi ile. Niwalete wote waseme?"

Foleni nzima ilicheka. Dada Yustina alitazama chini. Mumewe yuko masomoni Bulgaria, mwaka wa pili huu anamsubiri.

Kwenye basi alininong'oneza, "Wewe umemaliza shule. Mimi nimeolewa au sijaolewa?"

Nilisema, "Umeolewa, dada."

Aliniamini, akalala begani kwangu mpaka nyumbani. Mimi sheria siijui. Nilishindwa tu kumwambia hivyo.