Sweta ya Bwana Niliyotoka Nayo

Molo, Jumanne. Asubuhi nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na kifua changu kinakwaruza kama msumeno. Daktari hasemi tena "ukipona". Siku hizi anasema "tukuondolee maumivu". Nilifundisha lugha miaka mingi, najua tofauti ya maneno hayo.

Mjukuu wangu Nafula, aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni, anakaa nami wiki hii. Jumamosi atacheza gofu na wenzake wa kazini huku huku juu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jana alinionyesha jaketi alilonunua. Nene kama godoro.

"Hilo litakufunga mabega," nikamwambia. "Utapiga mpira kama mtu aliyebeba gunia la viazi."

Nikamfundisha. Fulana nyepesi ya kushika mwili, juu yake shati, halafu sweta ya sufu, na mwisho kitu chepesi cha kuzuia upepo. Soksi jozi mbili, ya ndani iwe nyembamba. Kofia ifunike masikio. Glavu mikono yote miwili mpaka zamu yako ya kupiga ifike. Mipira usiiache kwenye gari, iweke mfukoni karibu na mwili, maana mpira uliopoa hauendi mbali.

"Kuka," akasema, ndivyo sisi Wabukusu, jamii ya Waluhya, tunavyomwita babu, "wewe hata fimbo ya gofu hujawahi kushika. Haya umeyajulia wapi?"

Nikamwambia nilifanya kazi kwenye klabu ya wazungu nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kisha nikanyamaza.

Hapo ndipo huwa nanyamaza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Tulikuwa wawili katika chumba cha kubadilishia nguo, mimi na Njuguna. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilimaliza shule ya misheni na niliweza kusoma majina kwenye kabati. Njuguna alikuwa mkubwa wangu, na ufunguo wa kabati zote ulikaa naye.

Wachezaji walifika alfajiri na walitaka nguo zenye joto. Jiko lilikuwa moja, dogo, na liliwahi kuunguza sweta ya mtu. Kwa hiyo Njuguna alibuni njia yake. Tulizivaa sisi. Kila mmoja alivaa sweta ya bwana chini ya koti lake la kazi, akalifunga vifungo mpaka shingoni, akafagia na kupiga viatu rangi mpaka gari litokee kwenye lango. Hapo tunazivua haraka na kuzitundika, na bwana anavaa kitu chenye joto bila kujua joto lake limetoka wapi.

"Wanyonyi, chukua hii ya kijani," Njuguna angesema. "Wewe Mluhya una mafuta ya kuku mwilini, utaipasha upesi kuliko jiko."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshiba viazi tu. Mimi ni wa kupasha soksi."

Siku moja mvua ya mawe ilianguka tangu asubuhi. Hakuna gari lililokuja. Saa sita tukaambiwa twende nyumbani. Nilitembea mpaka nyumba za wafanyakazi, nikavua koti, nikajiona nina sweta ya kijani. Lile joto lilikuwa limenisahaulisha. Nilicheka peke yangu. Nikasema nitairudisha asubuhi, nikiwa nimeivaa kama kawaida.

Asubuhi nikakuta Landrova ya polisi langoni, na wafanyakazi wote wamechuchumaa kwenye nyasi zenye sakitu. Mwenye sweta alikuwa amemtuma dereva wake jioni ile kuichukua, na haikuwapo. Siku hizo nguo ya joto ikipotea huku juu, jibu lilikuwa moja tu: imepelekwa msituni kwa wapiganaji. Na mwenye ufunguo alikuwa Mkikuyu, kama wengi wao.

Wakikuyu walipekuliwa mpaka ndani ya mablanketi yao. Mimi sikuguswa. Afisa alisimama mbele yangu akauliza kama nimeiona sweta ya kijani.

Nilikuwa nimeivaa.

"Sijaiona, bwana," nikasema.

Njuguna alikuwa amechuchumaa hatua tatu kutoka kwangu. Yeye ndiye aliyenisaidia kuivaa jana yake, aliipitisha kichwani mwangu kwa mikono yake. Alinitazama. Hakusema kitu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananilinda au alikuwa ananingoja.

Walikuwa wamemvua koti ili walipekue, na hawakumrudishia. Akapandishwa kwenye Landrova na shati tu. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni.

Nimejisamehe ile dakika moja. Mtu akiogopa huogopa. Ila baada yake kulikuwa na kesho, na kesho kutwa, na wiki nzima. Ningeweza kuiacha sweta nyuma ya kabati, nikasema ilianguka huko. Sikufanya hata hilo, kwa sababu siku ya tatu nilipewa ule ufunguo na nafasi ya Njuguna.

Njuguna alikufa kizuizini, kwa homa ya mapafu. Ndivyo mkewe alivyoambiwa.

Binti yake, Wambui, alikuwa mtoto wa mgongoni. Sasa ni bibi, anaishi Elburgon, na kila mwezi ananiletea viazi na maziwa. Ananiita baba. Huniomba nimsimulie habari za baba yake, kwa kuwa mimi tu ndiye niliyebaki kati ya waliomjua. Namsimulia ile ya mafuta ya kuku. Anacheka mpaka anafuta macho, na mimi nakunywa maziwa yake.

Leo Nafula alikuwa ananitafutia kitu kizito cha kuvaa. Akafungua sanduku la chini ya kitanda, akainua sweta ya kijani, inanuka dawa ya nondo.

"Kuka, hii ni sufu safi kabisa. Kwa nini huivai? Nipe basi niende nayo Jumamosi."

"Irudishe," nikasema, kwa sauti iliyomshtua.

Kisha nikamwomba ampigie Wambui. Nilimwambia Wambui nina neno kuhusu baba yake ambalo sijawahi kumwambia. Akasema atakuja kesho saa nne, akishakamua ng'ombe. Alisikika ana furaha.

"Lakini uvae vizuri, baba," akasema. "Huku kumeganda."

Nimeandika hapa kwanza ili kesho nisipate pa kurudi nyuma. Anaweza kuinuka akaondoka kabla sijamaliza, na viazi vyake akavichukua. Ni haki yake.

Nimemwambia Nafula aikunje ile sweta na kuiweka mezani, mahali Wambui ataiona akiingia. Amenitayarishia blanketi na koti la kesho. Sitavaa. Nitamngoja na shati tu.