Pale Bruda Alipovuta Pumzi

Al-Nuzha,
Jeddah, Saudia.
14 Novemba 2025

Mpendwa dada Rispah,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, maana barua hii ni ndefu kuliko zote nilizowahi kukuandikia. Hujambo? Mgongo umepoa? Na Mama je, bado anasahau mkongojo kanisani kila Jumapili ili aonekane kijana? Mimi ni mzima. Joto la Jeddah linalowesha shati kabla sijamaliza kufunga vifungo, lakini afya ninayo na kazi ninayo, Mungu ashukuriwe.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Kwa simu nimejaribu mara tatu. Kila nikikaribia penyewe unaniuliza kama nimekula, nami naanza kukueleza habari za wali. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Anayekuletea ni Roseline wa Webuye, niliyekutajia. Anafanya kazi ya nyumbani katika jengo hili hili ninalokaa. Mkataba wake umeisha na Jumatano anarudi. Ndani ya begi lake, katikati ya mashuka aliyomnunulia mamake, kuna filimbi ya Baba.

Naona unavyoshika kiuno. Ngoja kwanza.

Kafili, huyu bosi anayenidhamini hapa, amekataa. Nilimwomba likizo ya Disemba nije tusimike msalaba wa Baba, akaniambia, "Baada ya Ramadhani, Protus. Sasa mafi likizo, hakuna, halas." Mazishi niliyakosa, na sasa nitakosa na msalaba. Niliingia ndani ya gari nikalia, sikufichi. Baba aliagiza mwenyewe kwamba siku hiyo apigiwe ule wimbo wa Bruda Fintani wa misheni kwa filimbi ile ile. Nawe mwaka mzima umekuwa ukiniuliza kama filimbi iko salama, nami nakujibu iko salama. Nilikudanganya. Filimbi ilipasuka.

Ulinikanya nisije nayo huku, nikaificha ndani ya suruali ya kazi nikaja nayo. Riyadh, nilikoanzia kazi, ni kavu, midomo ya watu inapasuka, sembuse mbao. Nami kwa akili zangu nikawa naiweka juu ya kabati, mbele ya kiyoyozi. Siku moja nikaona ufa umetoka kwenye tundu la kupulizia ukashuka urefu wa kidole. Sauti ikawa ya mzee mwenye mapengo. Nikaipaka mafuta ya kupikia, ikanuka chapati wiki mbili na ufa uko pale pale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, lakini mimi sikujua hata niuzibe kwa kitu gani. Nikabaki na ile filimbi yangu ndogo ya bati ya tangu utotoni.

Riyadh nilikuwa naendesha basi dogo la manesi, nawachukua mtaa wa Olaya na kuwapeleka hospitalini. Nikiwasubiri, nilikuwa nafunga vioo napuliza ile ya bati polepole. Asubuhi moja nesi mmoja wa Ireland, kwa kina Bruda, aliwahi kushuka akanikuta. Jina lake Maureen, kama Maureen wa jirani yetu, nikacheka. Akasimama mlangoni akauliza, "Dereva, huo wimbo umeutoa kwa nani?" Kumbe kwao ndivyo wanavyouliza. Nyimbo zao hizo hawazitoi kwenye kitabu. Wimbo unauchukua kwa mtu, na ukiulizwa unamtaja.

Nikamtaja Baba, seremala wa misheni. Na nilipoanza sikuweza kunyamaza, dada. Nilimweleza zile jioni za karakanani, maranda yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu, Bruda Fintani ameketi juu ya benchi anapuliza huku anagonga sakafu kwa kisigino, Baba mbele yake anamfuata vidole. Nikamweleza siku Bruda alipoondoka akamwachia filimbi, na Baba akaigeuzageuza akasema, "Huu ni mpingo. Ni mti wa upande wetu huu, umekwenda Ulaya umerudi na sauti." Ningetoa chochote nikae tena kwenye yale maranda jioni moja tu.

Kesho yake Maureen akaja na filimbi yake, nami nikaja na yetu. Alipopata habari za chapati alicheka hadi akashika kiti. Akanipa chupa ya mafuta ya lozi, akanifundisha kutia ganda la chungwa ndani ya kasha ili mbao isikauke. Halafu akaniambia nipige tena ile ya bati, akasikiliza amefumba macho.

"Sehemu ya pili," akasema, "mbona unakata pale katikati? Aliyekufundisha alikuwa mgonjwa wa kifua?"

Nikakataa katakata. Baba! Baba aliyeimba besi misa nzima, aliyewasha jiko la mkaa kwa pumzi moja! Akauliza, "Na aliyemfundisha yeye?"

Unamkumbuka Bruda na kile kidude chake cha pumu mfukoni mwa kanzu. Si ndicho kifua kilichomrudisha kwao? Alikuwa akiacha noti tatu pale ili avute pumzi, na Baba akadhani wimbo ndivyo ulivyo. Maisha yake yote, mtu mwenye mapafu ya fahali alisimama mahali ambapo hakuhitaji kusimama, kwa sababu mwenzake alihitaji. Nami nikasimama pale pale, kwa kuwa Baba alisimama. Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia.

Kikaniishia kwa sababu Maureen alichukua filimbi yake akapiga pale mahali bila kukata. Noti tatu zinashuka taratibu na kuunga na zinazofuata. Nami nilizijua. Nilizisikia nyuma ya jikoni kwetu, nikiwa darasa la tano.

Rispah, ni mimi niliyekusemea kwa Baba.

Miaka yote umedhani ni Nyanya, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisema msichana akipiga mluzi anaita mikosi. Marehemu Nyanya hana kosa. Nilikusikia karibu na kuni ukipuliza filimbi yangu ya bati. Ulimaliza sehemu ya pili yote, ile iliyonishinda mwaka mzima, wala hapakuwa na mtu aliyekufundisha. Nilikuonea wivu mpaka nikahisi joto masikioni. Nikakimbia karakanani nikamwambia Baba, "Rispah anaharibu wimbo wa Bruda. Anaongeza vitu vyake." Akaja akakunyang'anya. Hukulia. Ulirudi kuchambua maharagwe yako, na sijawahi kukuona umeigusa tena.

Hukuwa unaharibu. Ulisikia kilichopungua ukakirudisha peke yako, ukiwa na miaka kumi na minne. Hata Baba hakukisikia. Kikulacho ki nguoni mwako, dada, na aliyekuwa nguoni mwako ni mimi. Naomba unisamehe. Nimelibeba jambo hili muda mrefu nikijifanya ni la utoto.

Bosi aliponihamishia Jeddah mwezi wa tisa, mambo yakageuka. Huku kuna bahari, hewa yenyewe imelowa. Baada ya wiki tatu ufa ulikuwa umejifunga, hata ukucha hauingii. Nikaipeleka filimbi mtaa wa Balad kwa fundi mmoja Myemeni anayekarabati madirisha ya mbao ya zile nyumba za kale. Akaikaza kwa uzi mwembamba, akaupaka gundi, akaunyoosha kwa kidole gumba vile vile alivyokuwa akifanya Baba. Pale kwake kunanukia maranda. Kazi iliisha, lakini nilikaa nusu saa zaidi bila sababu.

Sasa sikiliza ninalokuomba. Tarehe ishirini Disemba usimtafute mwalimu wa kwaya, na usimsukumie mwanao Ian eti kwa kuwa ni mvulana. Piga wewe. Wimbo unaujua, vidole vitakumbuka, na una mwezi mzima wa kujaribu. Shemeji akilalamika kelele, mwambie ni amri kutoka Saudia. Kama moyo wako utakataa kwa sababu ya haya niliyoyaandika, sitakulaumu. Iweke tu juu ya kaburi siku hiyo, Baba aione imefika.

Lakini ukikubali, kumbuka sehemu ya pili hurudiwa mara mbili. Mara ya kwanza ukifika pale, simama. Hapo ni pa Bruda na Baba, waache wavute pumzi. Mara ya pili usisimame. Pita na noti zako tatu, na watu wote wazisikie.

Nisalimie Mama, umwambie mkongojo si aibu. Msalimie shemeji Japheth, Valary na Ian, na Norman anayetusagia unga pale posho mili akiuliza habari zangu. Roseline umpe chai ya maziwa kabla hajaendelea na safari, amekubebea filimbi njia nzima. Mungu awafunike nyote, aulaze mgongo wako salama, na atukutanishe baada ya Ramadhani tukiwa na meno yetu yote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Protus

N.B. Ndani ya kasha kuna ganda la chungwa. Likikauka weka jingine, mafuta ya lozi tone moja tu, kisha puliza. Usimwombe mtu ruhusa.