Fomu ya mfano

We dada, uko wapi? Nimejifungia stoo ya dawa, nacheka peke yangu.

Unaijua ile fomu ya kupima sonona tunayowapa wagonjwa wapya? Leo mzee mmoja, fundi saa, kaniambia haelewi namna ya kuijaza. Nikachukua nyingine, nikakaa naye bega kwa bega, nikamjazia ya mfano ili aige.

"Usingizi unakusumbua?" Tiki, karibu kila siku. "Unajiona hufai?" Tiki. Nilikuwa natiki tu bila kufikiri, nakuapia!

Halafu nikazibana zote mbili kwenye faili lake. Zote mbili!!

Mara daktari huyo mlangoni, karatasi mkononi. "Nesi, fundi saa hana sonona. Kafiwa na mkewe mwezi jana, ana haki ya kulia. Lakini huyu wa pili asiondoke. Yuko wapi?"

Nikamwambia huyo hayupo, daktari, hiyo ni ya mfano.

Akaniangalia. "Mfano wa nani?"

MFANO WA NANI. Mimi, wanayeniita Redio hapa kazini kwa kuongea, nikaanza kupanga mafaili yaliyokwishapangwa.

Kumbe yule mzee, kwenye benchi la nje ya mlango, kasikia kila kitu. Akasogea, akapigapiga nafasi pembeni yake. "Kaa hapa, mwanangu. Ukiitwa ndani, sema vilevile ulivyoandika. Ulijaza vizuri sana."

Naingia kwa daktari saa nane. Nicheke wee mpaka uchoke, lakini saa nane uwe kwenye lile benchi.