Shina Moja Lisilokatwa

Mlola,
S.L.P. Lushoto,
9 Septemba 1974.

Mpendwa mdogo wangu Timotheo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hujambo huko Morogoro? Kile kifua kimepona? Sisi tu wazima, ila Mama goti linamsumbua akipanda kutoka bondeni, na mimi moyo hautulii wiki nzima.

Barua yako nilimsomea Mama mara mbili. Nilipofika kwenye protini alinisimamisha, akauliza kama ni ile ya maharage tuliyofundishwa kliniki. Nikamwambia hata muwa unayo, na kwamba huko chuoni mnadhani muwa uliokatwa na kuchipua miaka mingi humaliza protini zake kupigana na maradhi ya udongoni, kukua ukashindwa. Akacheka, akasema basi muwa umezeeka kama yeye.

Mimi sikucheka. Miwa ile Baba aliipanda mwaka wa Uhuru, nasi tunakata, inachipua, tunakata tena. Safari hii tumepata nusu ya mwaka jana. Pingili fupi, nyembamba kama kidole changu, maji hamna. Wanaoifurahia ni ng'ombe tu.

Sasa sikiliza. Kamati ya kijiji itapita bondeni Jumatatu tarehe 30, na shamba lililochoka likikutwa hivyo hivyo litaunganishwa na la kijiji. Sina ugomvi na shamba la kijiji, nalima huko kama wengine. Lakini lile bonde ndilo alilobaki nalo Mama. Nataka tung'oe yote, tupande maharage msimu mmoja kama ulivyoshauri, kisha miwa mipya. Mbegu ameahidi mjomba Hezekia wa Bungu.

Mama hataki. Nimembembeleza, nimemnunia, Jumanne nikachukua jembe nikashuka peke yangu. Nilikuwa nimemaliza mistari mitatu aliponikuta. Hakunigombeza. Aliokota mashina yale yale, akayarudisha kwenye mashimo yale yale, akayafukia kwa mikono. Nilikasirika, Timo, nikamwambia anapanda ugonjwa juu ya ugonjwa. Baadaye nililia.

Nilidhani anamlilia Baba. Kumbe sivyo. Unakumbuka desturi ya nyumba yetu, kwamba miwa ya marehemu haing'olewi mpaka kila mtoto wake ameionja baada ya mazishi. Mimi nilionja, na Esta alitoka Mtae akaonja. Wewe mazishi yalikukuta kwenye mitihani, na huu mwaka wa tano hujakanyaga hapa. Kila mavuno Mama huacha shina moja bila kukatwa, linasimama mpaka linakauka. Mwaka juzi mimi nililikata nikawapa ng'ombe, nikidhani amelisahau. Mavuno yaliyofuata akaacha lingine.

Barua yako ilieleza protini vizuri sana, kurasa tatu. Haikusema unakuja lini.

Njoo kabla ya tarehe 30. Utafune ule muwa hata kama hauna utamu, jembe Mama atakupa mwenyewe. Usipokuja nitang'oa mimi, na sijui nitamtazamaje.

Esta na wanawe wanakusalimu, mjomba Hezekia pia. Mungu akushike mkono njiani.

Wako akupendaye,
dada yako Yudith.

Nilitaka kufunga bahasha, Mama akanizuia. Amekataa nikuandikie habari za shina. Amesema nikuulize tu kama meno yako bado mazima.